Blondi moja iliniburudisha, nyingine ikaniangusha: bia nyepesi za kiangazi zinanywewaje?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni kijana wa Tanga, kwa sasa naishi Houston, Texas. Nyumbani nilizoea Kilimanjaro ya baridi, chupa mbili basi, naenda kulala. Huku joto likianza kila mtu ananiambia nijaribu bia iliyoandikwa "Blonde Ale". Nilijaribu ya hapahapa Texas, nikaipenda sana. Wiki iliyofuata nikanunua ya Ubelgiji imeandikwa "Blond", rangi ileile, nikanywa chupa nne ndogo. Kesho yake sikwenda kazini. Sasa naomba unieleweshe: blondi ni nini hasa? Ni laga iliyobadilishwa jina? Kuna rafiki ananikataza kuinywa ikiwa ya baridi sana, ana haki? Na mwezi ujao nina wageni wa nyama choma hapa nyumbani, ninunue zipi?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu, na pole kwa siku ya kazi uliyoipoteza. Maswali ya namna hii nayapata sana kutoka kwa ndugu zetu walioko ughaibuni, na chanzo chake karibu siku zote ni kimoja. Sisi tumekulia kwenye bia ambazo nyingi zina rangi moja na nguvu zinazokaribiana, kwa hiyo tukiona dhahabu kwenye glasi tunaamini tumeshajua kilichomo. Nianze na hilo, maana ndilo lililokuangusha.

Rangi ya bia inatoka kwenye kimea. Shayiri inalowekwa, inaota kidogo, kisha inakaushwa kwa hewa ya moto. Ikikaushwa kwa joto la chini inabaki na weupe wake na bia inatoka ya dhahabu. Ikikaangwa mpaka iungue, bia inatoka nyeusi. Nguvu ni habari nyingine kabisa. Nguvu inategemea hamira imewekewa sukari kiasi gani na imekula kiasi gani. Guinness ya bomba wanayokunywa Dublin, nyeusi tii, ina asilimia 4.2 tu ya kilevi (ile ya chupa tuliyoizoea Afrika Mashariki ni kali zaidi). Duvel ya Ubelgiji, ya dhahabu na yenye povu jeupe pe, ina asilimia 8.5. Duvel yenyewe zamani ilikuwa ya kahawia. Rangi ya dhahabu ilikuja 1970. Mpikaji alibadilisha kimea.

Sasa tupige hesabu ya usiku wako. Chupa ya Kilimanjaro ni mililita 500 kwa asilimia 4.5, yaani mililita 22.5 za kilevi kitupu. Chupa ndogo ya Ubelgiji ni mililita 330. Hukunitajia jina lake, lakini tuseme ilikuwa ya asilimia 8, maana ziko nyingi za namna hiyo. Kila moja ina mililita 26.4 za kilevi, na nne ni mililita 105.6. Wewe wa chupa mbili ulikunywa karibu Kilimanjaro tano, tena bila shaka kwa haraka, kwa kuwa chupa ilionekana ndogo na ulimi haukukuonya.

Kwa nini ulimi haukuonya? Kwa sababu Wabelgiji wana ufundi wao. Bia inapochemka wanaitia sukari. Hamira inaila sukari hiyo yote, inaacha kilevi bila kuacha uzito wowote mdomoni. Juu ya hapo hamira zao zinatoa harufu ya peasi, ya chungwa, wakati mwingine ya pilipili manga, na gesi yake ni nyingi. Unapata kinywaji chepesi mdomoni na kizito kichwani. Leffe Blonde, ambayo utaiona kwenye maduka mengi huko uliko, ina asilimia 6.6, na hiyo kwa Ubelgiji ni ya kawaida tu. Mimi nazipenda bia hizi kwa dhati, ila ni za kunywa moja, umekaa, na chakula mbele yako. Siyo za kukatia kiu. Kabla ya kununua blondi yoyote geuza chupa utafute zile herufi ABV (asilimia ya kilevi) na namba iliyo karibu yake. Ikiwa 4 au 5, hiyo ni ya kiangazi. Ikianzia 6 kwenda juu, ni mgeni mwingine, mpokee kwa taratibu zake.

Ile ya Texas uliyoipenda ni blondi ya Kimarekani, ambayo kwa kawaida inakaa kati ya asilimia 3.8 na 5.5. Viwanda vidogo vya bia vilipoanza kuenea Marekani kuanzia miaka ya 1980, wenye navyo walikuwa na shida mbili. Ya kwanza, mteja aliyeingia alikuwa ameshazoea laga za makampuni makubwa, na bia chungu au nyeusi ilimtisha. Ya pili ilikuwa matangi. Laga inataka ilale kwenye baridi wiki kadhaa kabla ya kunywewa, na mwenye baa yenye matangi manne hawezi kulifunga tangi moja muda wote huo. Eli (ndiyo hiyo "ale" ya kwenye chupa yako) ya dhahabu inakuwa tayari kwa wiki mbili au tatu. Basi wakapika eli nyepesi, safi, isiyo na uchungu mwingi, wakampa mgeni aanzie hapo. Uchungu wa bia hupimwa kwa kipimo cha IBU: blondi inacheza kati ya 15 na 28, wakati zile IPA, eli chungu zinazosifiwa sana na vijana huko zinafika 40 hadi 70. Mfano mzuri wa karibu nawe ni Firemans #4 ya kiwanda cha Real Ale, kijiji cha Blanco, asilimia 5.1.

Umeuliza kama ni laga iliyobadilishwa jina. Hapana, ingawa ni jamaa wa karibu. Tofauti iko kwenye hamira. Hamira ya laga inafanya kazi kwenye baridi, nyuzi 8 hadi 12 hivi, polepole, na haiachi harufu nyingi nyuma yake. Unachosikia ni kimea na hopsi (maua yanayoipa bia uchungu) basi. Hamira ya eli inafanya kazi kwenye joto la nyuzi 18 hadi 22, kwa kasi, na inaacha harufu za matunda. Kwenye blondi nzuri harufu hiyo ni ndogo sana, tofaa kwa mbali au asali kidogo. Ukiinywa kwa pupa huisikii. Ukinusa kabla ya kunywa utaikuta.

Kama unataka kuielewa blondi, ijue kwanza bia ya Köln, Ujerumani. Wazee wetu waliokuwa wakitegea redio wanalijua jina la mji huo, maana Idhaa ya Kiswahili ya Deutsche Welle ilitangaza kutoka huko tangu 1963 hadi redio hiyo ilipohamia Bonn mwaka 2003. Bia yao inaitwa Kölsch, asilimia 4.8 hivi, ya dhahabu na inayopitisha mwanga. Inachachushwa kwa hamira ya eli, halafu inalazwa kwenye baridi kama laga, kwa hiyo inabeba harufu ya tunda ya upande mmoja na usafi wa upande wa pili. Mwaka 1986 wapika bia wa mji huo waliandikiana mkataba kuhusu bia gani inastahili jina hilo na nani ana haki ya kuipika, na Umoja wa Ulaya nao baadaye ukalilinda jina. Nje ya hapo wengine huandika tu kwamba bia yao ni ya mtindo wa Köln. Hapo Houston kiwanda cha Saint Arnold, kilichoanza 1994, kinapika moja ya mtindo huo inayoitwa Fancy Lawnmower, asilimia 4.9. Ipate, uiweke sambamba na blondi yako, utajifunza zaidi ya nitakayoweza kukuandikia.

Ila kinachonivutia zaidi Köln ni namna wanavyoinywa. Ukiingia Früh karibu na kanisa kuu, au Päffgen mtaa wa Friesenstraße, hupewi chupa wala glasi kubwa. Unapewa glasi nyembamba iliyosimama wima, ya mililita 200. Mhudumu amevaa aproni ya buluu na amebeba sinia la mviringo lenye vishimo vya glasi, kishikio kikiwa juu katikati. Akiona glasi yako imekwisha anakuwekea nyingine bila kuuliza, anachora mstari kwa penseli kwenye kigodoro cha karatasi kilicho chini ya glasi, anapita. Hesabu ya kulipa ndiyo hiyo mistari. Ukitosheka unakiweka kigodoro juu ya glasi, naye hakuletei tena. Sababu ya glasi ndogo ni kwamba bia hii inachoka upesi: povu likishuka na baridi ikipotea, utamu wake umekwenda. Mililita 200 zinakwisha zikiwa bado hai. Wewe unayeishi kwenye joto la Houston, lenye unyevu usiopishana sana na wa Tanga, jambo hili linakuhusu kuliko mtu wa Köln.

Hapa ndipo kuna jambo ninalotaka ulishike kuliko yote kwenye bia nyepesi. Pilau yenye viungo vyake inaweza kuufunika mchele mbaya, lakini wali mweupe hauufuniki. Ndivyo ilivyo kwa bia. Bia nyeusi inaficha kasoro ndani ya ule ukaango wake, na IPA inaficha ndani ya hopsi. Blondi haina pa kuficha. Mpikaji akikosea unasikia, muuzaji akiiweka juani unasikia, na wewe ukiimimina kwenye glasi yenye mafuta unasikia vilevile. Watu huona bia nyepesi ni ya watu wasiojua bia. Wapikaji wenyewe hawasemi hivyo. Wengi wao wakitaka kumpima mwenzao wanaagiza bia yake nyepesi kuliko zote.

Kwa hiyo jifunze kuzitambua kasoro. Ukisikia harufu ya siagi, ile ya bisi za kwenye sinema, hamira haikuachwa imalize kazi. Ukisikia mahindi ya kuchemsha, mara nyingi mchemsho haukufanywa ipasavyo. Ukisikia karatasi ya boksi iliyoloa maji, bia ni ya zamani, hewa imeshaila. Na ukifungua chupa ukapigwa na harufu ya kicheche, hiyo ni kazi ya mwanga. Vile vitu vinavyoipa bia uchungu, vinavyotoka kwenye hopsi, vikipigwa na jua vinavunjika na kutengeneza kemikali yenye salfa ambayo pua inainasa hata ikiwa kidogo mno. Kwenye chupa nyeupe juani huchukua dakika chache tu. Chupa ya kijani haisaidii sana. Chupa ya kahawia inakinga vizuri, na kopo linakinga kabisa, kwa hiyo usilidharau kopo. Kwa bia nyepesi ya kiangazi mimi nachagua kopo kwanza.

Joto nalo ni adui, hata gizani. Wapika bia wana kipimo chao cha mkato: siku 3 kwenye nyuzi 32 zinaichosha bia sawa na siku 30 kwenye nyuzi 22, au siku 300 kwenye nyuzi 3. Si sheria ya maabara, lakini inakupa picha. Kreti uliloliacha kwenye buti la gari Houston mwezi wa Julai kutoka asubuhi hadi jioni limezeeka kuliko tarehe yake inavyosema. Nunua kwenye duka linaloweka bia zake kwenye friji, tazama chini ya kopo tarehe ya kujazwa, na kwa blondi usivuke miezi mitatu ukiweza. Bia za kiangazi zinazoshushwa bei mwezi wa Oktoba na Novemba ziache hapo zilipo.

Kuhusu baridi, rafiki yako ana haki nusu. Baridi kali inaufanya ulimi ufe ganzi. Laga za viwanda vikubwa, za kwetu na za Marekani, zinastahimili hilo kwa sababu zimepikwa zikatwe kiu, na ladha zake ni chache. Blondi ukiinywa ikiwa na chembe za barafu umelipia pesa ya ziada kwa kitu usichokisikia. Wazee wetu baa wanapoulizwa "ya moto au ya baridi?" wakajibu ya moto, kwa upande wa ladha wanasikia mengi kuliko sisi. Lakini bia nyepesi ya moto inapoteza gesi, na bila gesi haina uchangamfu. Njia ya kati ni nyuzi 5 hadi 7. Friji ya nyumbani kwa kawaida iko nyuzi 4, kwa hiyo ukiwa ndani ya nyumba yenye kiyoyozi itoe, mimina, subiri dakika tano. Ukiwa uani juani usisubiri chochote: mimina kidogokidogo, nyingine iache kwenye barafu. Zile za Ubelgiji ziache zifike nyuzi 8 au 10, hapo ndipo harufu zake zinafunguka. Na usiweke glasi kwenye friza. Ule ukungu wa barafu unayeyuka ndani ya bia, unaongeza maji na kuvuruga povu.

Kwenye glasi nitakaa kidogo, maana hapa ndipo tunapoteza zaidi. Osha glasi kwa sabuni kidogo, suuza sana kwa maji mengi, kisha iache ijikaushe imeinamishwa. Usiifute kwa kitambaa cha jikoni kilichogusa mafuta. Kabla ya kumimina ipitishe tena kwenye maji ya baridi. Iinamishe, mimina polepole ubavuni mpaka nusu, kisha isimamishe wima na umimine katikati hadi povu lipande vidole viwili. Najua kwetu mhudumu hodari ni yule anayemimina bila povu, na mteja akiona povu anahisi ameibiwa. Kwenye bia hii povu ni sehemu ya kinywaji: linabeba harufu hadi puani na linatoa gesi ambayo vinginevyo ingeishia tumboni ikakujaza. Sasa tazama ubavu wa glasi kwa ndani. Ukiona vipovu vimeganda kwenye kioo chini ya bia, glasi ina mafuta au sabuni, rudia kuosha. Glasi ikiwa safi, vipovu vinapanda juu moja kwa moja, na kila ukinywa povu linaacha pete nyeupe kwenye kioo. Unaweza kuhesabu mafunda yako kwa pete hizo.

Halafu nusa. Blondi nzuri ina harufu ya mkate uliotoka sasa hivi au biskuti isiyo na sukari nyingi, na nyuma yake kuna tunda kidogo au ua. Funda la kwanza lishike mdomoni kabla ya kumeza. Utamu wa kimea unatangulia, uchungu unaingia katikati kwa upole, na mwisho unapaswa kukauka, mdomo ubaki safi unataka tena. Bia ikiacha utamu unaonata kama wa soda, haikupikwa vizuri au imepita muda wake.

Blondi siyo peke yake kwenye kiangazi. Waingereza wana eli zao za dhahabu, zilizopata nguvu mwishoni mwa miaka ya 1980. Summer Lightning ya kiwanda cha Hop Back, Salisbury, asilimia 5, ndiyo iliyowaonyesha wengi kwamba eli ya Kiingereza si lazima iwe ya kahawia. Marekani kuna krimu eli, ambayo haina maziwa wala krimu yoyote; Genesee ya Rochester, New York, imekuwapo tangu 1960, na ni ya bei nafuu. Wajerumani wanachanganya bia na soda ya limau nusu kwa nusu wakaiita Radler, na hata kwetu wapo wanaofanya hivyo na Sprite bila kuwa na jina la kuiita. Gose ya Leipzig ina chumvi, giligilani na uchachu. Kwenye jua kali inafaa, ila mara ya kwanza inashtua.

Za ngano nitazisemea zaidi, kwa sababu Mswahili anazielewa upesi. Bia ya ngano ya Bavaria ina harufu ya ndizi mbivu na karafuu, na hakuna aliyetia ndizi wala karafuu. Ni hamira tu. Aliyewahi kunywa mbege, ile pombe ya ndizi kule Uchagani, atashangaa namna pua inavyokumbuka. Bia nyeupe ya Ubelgiji nayo inatiwa kweli mbegu za giligilani na maganda ya chungwa yaliyokaushwa. Bia hiyo ilikuwa imekwisha kabisa kijijini Hoegaarden, mpaka muuza maziwa aitwaye Pierre Celis alipoanza kuipika tena mwaka 1966. Baadaye alihamia Texas kwenu, akafungua kiwanda Austin mwaka 1992. Hoegaarden ina asilimia 4.9, iko karibu kila duka, na kwa mtu aliyekulia kwenye jiko lenye nazi na giligilani haihitaji kuzoewa.

Tuje kwa wageni wako. Usinunue aina nyingi. Chukua blondi iwe ndiyo ya meza nzima, ongeza bia nyeupe au ya ngano kwa ajili ya samaki, kamba na kuku. Nyama choma ya chumvi na ndimu, mbuzi au ng'ombe, inakwenda na blondi bila ubishi: gesi inasafisha mafuta ulimini, na utamu mdogo wa kimea unakutana na ule ukoko wa nyama. Pilipili ndiyo ya kuangalia. Uchungu wa hopsi na kilevi kingi vinaichochea pilipili, kwa hiyo IPA na kachumbari ya pilipili kichaa ni mateso, wakati blondi inaituliza. Ukiwa na kuku wa kupaka, mpe bia nyeupe. Kamba wa Ghuba ya Mexico, wanaopatikana kwa urahisi hapo Houston, wachome kwa kitunguu saumu na ndimu, uwaweke na ile ya mtindo wa Köln.

Weka makopo kwenye ndoo ya barafu iliyotiwa maji, siyo barafu tupu isiyo na maji, maana maji yanaligusa kopo lote na kulipoza haraka zaidi. Ifunike, iweke kivulini. Toa glasi ndogo, za robo lita au chini ya hapo. Weka na maji ya kunywa mezani bila kusubiri mtu aombe, kwa sababu joto la huko linakausha mwili hata kabla ya bia kuanza.

Anayeendesha gari mtafutie bia isiyo na kilevi. Za ngano za Kijerumani ndizo zilizopikwa vizuri kuliko nyingi. Kiwango cha sheria cha kilevi kwenye damu ya dereva Texas ni asilimia 0.08, na kwa bia zinazoshuka kirahisi namna hii mtu hukifikia akidhani bado yuko mbali. Lakini mgeni Mwislamu usimpe hiyo ukaiita soda, kwani nyingi zina kilevi hadi asilimia 0.5, mtengenezee juisi ya ukwaju yenye barafu. Na kama bado una chupa za Ubelgiji zilizobaki, zitoe mwisho, watu wakiwa wameshakula na jua limeshuka. Gawaneni chupa moja watu wawili, na uwaambie asilimia zake kabla hawajainua glasi.